Kielelezo Kinachopumua

Ipo nchi moja ambayo ukiniuliza iko upande gani nitakuonyesha kwa kidevu, maana huko kwao kunyoosha kidole kunahitaji kibali. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, na ina wizara nyingi kuliko mito. Miongoni mwa wizara hizo ilikuwapo Wizara ya Mikono, ambayo kazi yake ilikuwa kukumbuka, mara moja kila mwaka, kwamba wananchi wana mikono.

Kukumbuka huko kuliitwa Maonyesho Makuu ya Kazi za Mikono. Yalifanyika mjini, kwenye viwanja vinavyopakana na Makumbusho ya Taifa, ili mgeni akichoka kutazama vitu vya leo avuke uzio akatazame vya jana. Kila wilaya ilitakiwa kuleta kitu kimoja kilichotengenezwa kwa mikono. Mikono yenyewe haikualikwa.

Katika wilaya moja ya mbali kidogo na mji aliishi Somoe, mke wa Makame mpaka rangi, mama wa mtoto mmoja wa kike ambaye alikuwa bado hajapewa jina. Jina lenyewe lilikuwapo. Wazazi walishalichagua kitandani, taa imezimwa: Mashavu, jina la shangazi yake Makame, mwanamke aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanahama. Lakini kwao Somoe mtoto hapewi jina hivihivi hewani. Bibi mzaa mama huanza kusuka mkeka tangu mimba inapoonekana. Husuka kili, zile kanda ndefu za ukindu, akazishona mmoja baada ya mwingine, isipokuwa wa mwisho. Huo huuacha unaning'inia. Siku ya arobaini mtoto hulazwa juu ya mkeka, bibi hushona ule ukili wa mwisho, na kabla uzi haujakatwa mama humnong'oneza mtoto jina lake. Jina linaloingia sikioni uzi ukiwa mzima ndilo jina. Mengine yote ni makelele.

Mkeka ulioanzwa baada ya mtoto kuzaliwa haufai, huo ni wa wageni. Na arobaini ikipita bila mkeka, mtoto hukaa na jina la kuitia tu. Mtaani kwa Somoe kulikuwa na mzee mzima, ana wajukuu na ndevu mpaka kifuani, ambaye mkeka wake ulichukuliwa na mafuriko. Mpaka leo anaitwa Kadogo.

Kwa hiyo utaelewa Somoe alivyoshtuka siku aliyotoka jikoni akamkuta mtendaji wa kata, Bwana Tindwa, amesimama juu ya mkeka wa mwanawe na viatu vyake.

"Huu unatosha," alikuwa akisema Tindwa. "Kikapu chetu cha mwaka jana kimeliwa na mchwa ofisini. Wilaya haina kitu."

"Haujaisha," akasema Bi Mwanakheri, mama yake Somoe, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. "Na una mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akaonyeshwa mtoto.

"Huyu ana kitambulisho?"

"Kitambulisho atoe wapi? Hata jina hana."

"Basi mnaona wenyewe," akasema Tindwa kwa huruma. "Hauna mwenyewe." Akaukunja, akautia kwapani.

Somoe akamfuata mpaka kwenye pikipiki. "Bwana mtendaji, utarudi lini? Mwanangu ana arobaini yake, siku zenyewe zinahesabika."

"Dada yangu," akasema Tindwa, "Serikali haichukui kitu chako. Inakipa hadhi. Sasa hadhi itarudije?"

Akawasha pikipiki akaondoka na hadhi.

* * *

Kama ilivyo ada ya mambo ya nchi ile, siku ya arobaini iliangukia siku ileile ya ufunguzi wa Maonyesho. Makame hakuweza kwenda. Alikuwa ameitwa na wapaka rangi wenzake kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara atakayopita Waziri wa Mikono. Mawe yaliyopakwa mwaka jana yalikuwa yamesombwa na lori kwenda wilaya nyingine, iliyokuwa inatembelewa na Waziri wa Mawe.

"Nendeni nyie," Makame akamwambia mkewe. "Mlazeni hukohuko kwenye mkeka wake, mama ashone, umwambie jina lake, mrudi. Mkeka ukibaki ubaki."

"Na wakitukataza?"

"Somoe, nchi hii wanakataza kila kitu. Mtu akisubiri kuruhusiwa hatapiga hata chafya."

Basi asubuhi Somoe alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, Bi Mwanakheri akachomeka shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka, ndani ya pindo la kanga, wakaenda mjini.

Nje ya viwanja walikuta watu wengi wamekaa juani: wafinyanzi, wachonga vinu, wahunzi, wasuka vikapu. Walizuiwa kuingia kwa kuwa hawakuwa na vitambulisho vya ufundi. Vitambulisho vilikuwa vimetengenezwa kwa mikono, kwa heshima ya siku hiyo, na wino ulikuwa bado haujakauka.

"Nyie ni mafundi?" akauliza mtu wa geti.

"Mimi nina ufundi gani?" akasema Bi Mwanakheri bila kupepesa. "Nimekuja kutazama."

"Basi karibuni sana. Tuna upungufu wa watazamaji."

Ndani palipendeza. Katika banda la kwanza palikuwa na kikapu kimoja na watu wengi waliovaa suti. Walikuwa Mratibu wa Kikapu, Naibu Mratibu wa Kikapu, Msemaji wa Kikapu, na bwana mmoja mnene aliyehusika na mpini tu. Mratibu aliwaeleza wageni jinsi kikapu kilivyopitia changamoto nyingi, hasa ya posho, mpaka kikafikia hatua hii ya kuwa kikapu.

"Kimesukwa na nani?" akauliza Bi Mwanakheri.

Naibu akamgeukia Mratibu, Mratibu akamgeukia Msemaji.

"Mama," akasema Msemaji wa Kikapu, "swali hilo limeshajibiwa kwenye taarifa."

Banda la wilaya yao lilikuwa na meza tupu, na nyuma ya meza amekaa Bwana Tindwa, amefunga tai.

"Mkeka wetu uko wapi?" Somoe akamuuliza kabla ya salamu.

Tindwa akatabasamu kama mtu aliyeozesha binti. "Wenu umepanda cheo. Majaji wameukagua wakaona una kasoro pembeni, unaning'inia. Wakaupeleka Makumbusho. Vitu vizima ni vya Maonyesho, vibovu ni vya kale."

* * *

Ili kufika kwenye chumba cha mikeka ilibidi kupita kumbi zote za Makumbusho. Somoe, aliyepata kisomo chake kwenye madarasa ya jioni ya uani kwa jirani, mtoto akilala hapa na sufuria ikichemka kule, alikuwa akimsomea mama yake vibao kwa sauti ya chini.

Ukumbi wa Ngoma ulikuwa na vigoda vingi vya kuwekea ngoma, na juu ya vigoda hapakuwa na kitu. Kila kigoda kilikuwa na kibao. "Ngoma Kuu ya Wazee. Iko safarini kikazi." Kingine: "Ngoma ya Mavuno. Iko masomoni nje." Ukweli, ambao kila mtu aliujua na kwa hiyo haukuwa siri, ni kwamba kila mgeni mkubwa aliyefika nchini alifungashiwa ngoma moja kama zawadi, na nchi ilikuwa na bahati ya wageni.

Ukumbi wa Viti vya Enzi ulikuwa umefungwa. Ndani mlikuwa na kikao, na Makumbusho haikuwa na viti vingine.

Ukumbi wa Vyungu ulikuwa wazi. Vyungu vyenyewe vilikuwa vya plastiki, vimeagizwa kutoka ng'ambo, na kibao kilieleza kwamba hatua hiyo ilichukuliwa ili urithi wetu usivunjike.

Ndipo wakaingia chumba cha mwisho, na pale katikati, juu ya jukwaa lililozungushiwa kamba nyekundu, umetandazwa mkeka wa mtoto. Ilikuwa kana kwamba Somoe amemwona mtu wa nyumbani ugenini. Hata ule mstari wa zambarau, ambao mama yake aliuchanganya rangi vibaya akausingizia ukindu, ulikuwapo.

"Soma," akasema Bi Mwanakheri.

"Mkeka Uliojeruhiwa," Somoe akasoma. "Umri: mkubwa. Ncha inayoning'inia inaaminika iliraruliwa vitani. Msukaji hajulikani. Anasadikiwa alifariki."

Bi Mwanakheri akakisogelea kibao.

"Nimefariki lini?"

"Hawakuandika, mama."

"Ehe. Hebu rudia hapo pa vita."

Somoe akarudia. Mama yake alikuwa amepoa kabisa, anaitazama kazi yake kwa upya, kama mtu aliyesikia akisifiwa msibani kwake mwenyewe. Ilibidi Somoe amvute kanga.

"Mama, tushone."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Wamenizika vizuri hawa."

Chumba hicho kililindwa na kijana mrefu aitwaye Bakema, ambaye pia alilinda mlango wa kutokea, kwa kuwa mwenzake alikuwa semina. Muda huo alikuwa amekwenda mlangoni. Somoe akafungua mbeleko, akavuka kamba, akamlaza mtoto katikati ya mkeka. Mtoto alikuwa amelala fofofo, ngumi moja shavuni. Somoe akarudi kumshika mama yake mkono apande.

"Shikamoo bibi," ikasema sauti nyuma yao. "Tafadhali msiguse kielelezo."

"Marahaba," akasema Bi Mwanakheri, na mguu wake hewani. "Kielelezo gani?"

"Hicho." Bakema akaonyesha mtoto.

"Huyo ni mwanangu, kaka," akasema Somoe. "Nimemlaza sasa hivi."

"Sikatai, dada. Alipokuwa mgongoni alikuwa mwanao." Akaonyesha kibao kikubwa ukutani, kilichoandikwa kwa herufi za dhahabu: KILA KILICHO JUU YA JUKWAA NI MALI YA TAIFA. "Umemuweka mwenyewe. Hukusukumwa."

"Basi mchukue wewe unipe."

"Mimi mlinzi, dada. Mlinzi ndiye wa kwanza kukatazwa kugusa."

Alisema bila ukali. Ungemwona ungesema anaomba radhi, isipokuwa kuomba radhi ukiwa na sare kulihitaji sahihi ya mkubwa. Na mkubwa ndiye Bakema aliyempulizia filimbi aje.

* * *

Mkurugenzi wa Makumbusho, Daktari Malindima, alikuja mbio kutoka kikaoni, bado amebeba mto wa kiti cha enzi. Akalizunguka jukwaa. Akavua miwani, akavaa.

"Hiki kilikuwepo jana?"

"Sijui, mkubwa. Jana nilikuwa semina mimi."

Daktari akafikiri. "Kama hakikuwepo, mkusanyiko wetu umeongezeka. Kama kilikuwepo, utafiti wetu ndiyo kwanza umekigundua. Kwa vyovyote vile ni mafanikio."

"Baba, ni mtoto wangu," akasema Somoe. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kushika, ikashika kamba. "Nimemzaa mimi. Arobaini yake ni leo."

"Una uthibitisho kwamba wewe ndiye uliyemtengeneza?"

"Uthibitisho gani?"

"Malighafi. Zana ulizotumia. Mchoro wa awali."

"Ninamnyonyesha."

"Hilo ni dai la matumizi, si la umiliki." Sauti yake ikalainika, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu msomi. "Mama mtoto, kila mwaka tunapata watu kama wewe. Mwaka jana alikuja mzee anadai ngoma ya babu yake iko hapa. Tukamwambia vizuri tu, alete hiyo ngoma tulinganishe. Hajarudi."

Akaandika kibao kipya kwa mkono wake na kukipachika: "Mkeka Wenye Mtoto. Kazi ya kale. Kinapumua."

Somoe alisimama pale nje ya kamba. Kutoka alipokuwa mpaka kwa mwanawe palikuwa na hatua ambayo hata kuku angeivuka. Maziwa yalikuwa yanaanza kumjaa, anayasikia yakimchoma, na yeye alijua kwa kuyasikia tu kwamba mtoto naye karibu ataamka. Akawaza: nikiruka kamba watanifunga, na yeye atabaki kwenye kibao. Nisiporuka, jua litazama, na mwanangu atakwenda kuwa Kadogo mwingine. Tena wa Taifa.

"Mama," akanong'ona, "sindano unayo?"

"Ninayo. Tena inanichoma."

* * *

Waziri wa Mikono, Mheshimiwa Kidandala, aliingia saa ambayo hakuna aliyeitegemea, yaani ile iliyopangwa. Alitanguliwa na wapiga picha na mtangazaji wa redio aliyekuwa akisimulia nyayo zake. Nyuma yake walifuata mabwana wote wa kikapu. Vipaza sauti vilikuwa vimefungwa kila kona ya Makumbusho na viwanja, hata chooni, ili hotuba isimkose mtu.

Waziri akasimama mbele ya jukwaa. Akainama.

"Kinapumua hiki."

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema Daktari Malindima.

"Umeme mnatoa wapi?"

"Ni teknolojia ya wazee, Mheshimiwa. Hawakutumia umeme."

"Wazee wetu walikuwa mbali sana," akasema Waziri, na makofi yakapigwa kwa wazee. Akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi. Mikono ni mikono. Serikali yenu imehakikisha kwamba kila mwananchi anayo miwili, na pale ilipopungua, tathmini inaendelea. Waliotutangulia walisuka. Sisi tunaratibu. Je, hatujapiga hatua?"

Wakati makofi yanapigwa, kielelezo kikalowa. Maji yakatoka chini ya kanga ndogo, yakatambaa kwenye ule mstari wa zambarau, yakadondoka jukwaani.

"Mheshimiwa," akanong'ona Mratibu wa Kikapu, "kinavuja."

Halafu kikaamka.

Wewe uliyewahi kulea utakijua kilio kile, cha mtoto aliyelowa na mwenye njaa, anayemtafuta mtu mmoja tu duniani. Kiliingia kwenye kipaza sauti cha Waziri, kikatokea viwanjani, mabandani, chooni, barabarani kwenye mawe meupe. Somoe alisikia kifua chake kinalowa mbele ya taifa zima.

"Punguzeni sauti," akasema Waziri.

"Tunatafuta kitufe, Mheshimiwa," akasema Daktari, akizunguka jukwaa kwa magoti.

"Fundi wa matengenezo yuko wapi? Kila mtambo una fundi wake. Wa huu ni nani?"

Chumba kikanyamaza, isipokuwa mtambo. Somoe hakufikiri. Angefikiri asingesema.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Na unasubiri nini?"

"Kibali."

Waziri akamgeukia Daktari kwa jicho ambalo kikazi ni kama barua ya onyo. Hapohapo Somoe akateuliwa, kwa mdomo na mbele ya mashahidi, kuwa Kaimu Fundi wa Matengenezo, Kielelezo Kinachopumua. Bakema akanyanyua kamba nyekundu juu sana, zaidi ya ilivyohitajika, akampitisha.

Somoe hakumnyanyua mtoto, maana alitakiwa alale juu ya mkeka wake. Alijilaza yeye kando yake, akajifunika kanga, akampa ziwa. Kilio kikakatika. Nchi nzima ikapumua.

"Anafanya nini?" akauliza Waziri.

"Anaweka mafuta, Mheshimiwa," akasema Daktari Malindima, aliyekuwa mtafiti wa kweli.

"Na hiyo ncha inayoning'inia mbona haijarekebishwa? Kitu cha Taifa kinaning'inia mbele ya kamera?"

"Hiyo ni kazi yangu," akasema Bi Mwanakheri, naye akapita chini ya kamba bila kusubiri cheo. "Mimi ndiye marehemu."

* * *

Basi ikawa hivi. Jukwaani bibi anashona, mama amelala, mtoto ananyonya. Mbele yao Waziri amepata wazo, na wazo la Waziri ni jambo linalofanyika hadharani.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimearifiwa kwamba kielelezo hiki hakina jina. Sasa mimi nitakizindua. Nitakipa jina leo hii, na kitabaki hapahapa Makumbusho, kwenye uangalizi wa Taifa, na kila mwaka kitaonyeshwa kwa wananchi wajionee."

Somoe akageuza kichwa. Alimwona mama yake ameinamia ukili, shazia inaingia na kutoka. Bi Mwanakheri alikuwa na mikono mizuri lakini macho yalishamchoka, na uzi ulikuwa umejifunga fundo.

"Mama, harakisha, anataja jina."

"Harakisha wewe unyonyeshe. Fundo hili si la mchezo."

"Uzi bado mzima?"

"Mzima. Sema basi."

Lakini desturi inataka bibi awe amefika mwisho wa ukili, na bado kilikuwa kimebaki kiasi cha kiganja. Waziri angetaja jina kwa kipaza sauti, uzi ukiwa mzima, lingemwingia mtoto sikioni kabla ya la mamaye. Somoe akaliziba sikio moja la mtoto kwa kiganja chake, la pili likiwa limelalia mkeka, akasubiri.

Kilichomwokoa ni kitu ambacho wananchi wa nchi ile walikuwa wamekilaani miaka mingi. Mheshimiwa Kidandala hakuweza kusema jambo lolote bila utangulizi. "Kabla sijalitaja jina hilo," akasema, "naomba niwashukuru." Akamshukuru Daktari Malindima. Akawashukuru mabwana wa kikapu kwa majina na vyeo. Akalishukuru jua. Akarudi nyuma kwenye historia ya mikono, tangu enzi ambazo watu walikuwa wakiitumia kula tu. Alipofika kwenye mpango wa mikono wa miaka ijayo, Bi Mwanakheri alikuwa amefungua fundo kwa meno na anashona pindo la mwisho.

"Sasa," akasema bibi bila kuinua kichwa.

Somoe akaondoa kiganja, akasogeza mdomo.

"Mashavu," akanong'ona. "Wewe ni Mashavu, binti Makame. Baba yako anapaka mawe, atakuja kukubeba jioni. Mashavu."

Mtoto akaacha kunyonya. Akamtazama mama yake kwa yale macho ya kikubwa ambayo watoto wachanga huwa nayo, kama mtu aliyeitwa akiwa safarini akageuka. Bi Mwanakheri akainama, akaukata uzi kwa meno.

"...kwa hiyo, kwa mamlaka niliyonayo," Waziri akamalizia, "nakiita kielelezo hiki Mafanikio Endelevu."

Makofi yakapasuka. Mtangazaji wa redio akaliambia taifa kwamba kielelezo kimelipokea jina lake kwa tabasamu. Kwa kweli kilikuwa kinacheua.

* * *

Msafara ulipoondoka kwenda kuzindua chakula, Daktari Malindima alibaki anazungusha tena ile kamba nyekundu.

"Asante kwa huduma, fundi," akasema. "Sasa shuka. Mafanikio Endelevu anabaki."

Somoe alikuwa ameshakaa, mtoto kifuani. Alikuwa na hofu bado, lakini hofu ya mtu mwenye cheo ni tofauti kidogo na ile ya asiye nacho.

"Hawezi kubaki, Daktari. Si umeona mwenyewe anavuja?"

"Nimeona."

"Basi anatakiwa karakana."

Hapa lazima nikueleze, wewe usiye wa huko. Katika nchi ile magari yote ya Serikali yalikuwa karakana. Pampu za maji zilikuwa karakana, na kivuko, na mashine ya hospitali ya kutazama mifupa. Hakuna aliyewahi kuuliza karakana iko wapi, wala kushangaa kwamba kitu kikienda hakirudi. Lilikuwa ndilo jibu pekee nchini lisilozaa swali.

Uso wa Daktari ukatulia kabisa. "Karakana. Mbona hukusema mapema? Atachukua muda gani?"

"Inategemea spea."

"Ah, spea," akasema Daktari kwa masikitiko ya kweli, akageuza kibao upande wa nyuma akaandika: "Kiko karakana." Mkeka aliuacha. Bi Mwanakheri aliutazama mara ya mwisho.

"Si tuukunje, mama?" Somoe akanong'ona.

"Uache. Kazi yake umeshaifanya, na sasa unanuka mkojo. Waulinde."

Mlango wa kutokea ulilindwa, kama nilivyosema, na Bakema yuleyule. Alikuwa amesimama kati ya mlango na wao, na desturi ya kazi yake ilikuwa kuuliza kila kinachotoka kinaitwaje.

Somoe akasimama mbele yake. Ingekuwa rahisi kusema lile la kwenye vipaza sauti, nalo lingewapitisha. Alimtazama mwanawe ndani ya mbeleko, mtoto wa siku moja kwa jina lake.

"Anaitwa Mashavu," akasema.

Bakema akakunja uso. "Mbona spika imesema Mafanikio Endelevu?"

"Spika imesema la kwake."

Kijana akageuka nyuma, akatazama ukumbi mtupu na vigoda vyake. Kisha akainamisha ule urefu wake wote mpaka kofia ikakaribia kugusa mbeleko.

"Wa kwangu alizaliwa wiki ya uchaguzi," akasema taratibu. "Redio inamwita Mkakati. Nyumbani tunamwita Shomari."

"Shomari," akasema Bi Mwanakheri. "Jina zuri. Hajambo?"

"Hajambo, bibi. Anaota meno." Akawafungulia mlango, akasubiri wote watatu watoke kwenye mwanga. "Haya, Mashavu. Nenda salama karakana, mwanangu. Na usirudi."